Gari Linachemsha, Gari Halipati Moto: Kusoma Dalili za Mfumo wa Kupoza Injini

Miaka michache iliyopita niliangalia Toyota Noah yenye injini ya 3S ambayo mwenyewe alikuwa ameshaipitisha kwa mafundi watatu akiwa na malalamiko mawili. La kwanza, gari lilikunywa petroli kupita kiasi katika safari fupi za mjini Iringa, hasa asubuhi za Julai ambapo baridi huwa kali. La pili, kila liliposhuka Dar es Salaam na kurudi likiwa na abiria na mizigo, lilichemsha kabla ya kumaliza kupanda mlima wa Kitonga. Mwenyewe aliamini kwamba hayo ni magonjwa mawili, na mafundi waliyatibu kama magonjwa mawili: kwa ajili ya petroli walibadilisha plagi na kusafisha nozeli, na kwa ajili ya joto wakazibua rejeta. Nilipofungua kasha la thamostati, yaani kifaa kinachofungua na kufunga njia ya maji ya kwenda kwenye rejeta kulingana na joto, nilikuta hamna kitu. Thamostati ilikuwa imetolewa zamani "ili maji yatembee", kama tunavyosikia karibu kila siku, na pengo hilo moja ndilo lililoifanya injini iwe baridi mno mjini na moto mno mlimani.

Naanza na gari hilo kwa sababu madereva wengi wamezoea kuogopa upande mmoja tu wa jambo hili. Injini ina joto lake la kazi, na ikitoka humo, iwe kwa kupanda au kwa kushuka, nguvu hupungua, mafuta huliwa zaidi na vyuma huchakaa. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya gari lenye shida ya joto ni lini linapanda, lini linashuka, na likiwa katika hali gani. Majibu ya hayo hupunguza kazi ya kubahatisha kuliko spea yoyote unayoweza kununua.

Joto la kazi, na jinsi linavyotunzwa

Petroli inapoungua ndani ya silinda, joto la gesi hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali alumini ambayo hedi (vichwa vya injini) nyingi za siku hizi zimetengenezwa nayo huyeyuka kabla ya kufika 700. Kwa makadirio yanayotumika sana, theluthi moja ya nishati ya mafuta ndiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kulisukuma gari, theluthi nyingine hutoka na moshi, na theluthi inayobaki huingia kwenye chuma na ni lazima ibebwe na maji hadi kwenye rejeta. Katika magari mengi ya kawaida, maji hayo yanatakiwa kukaa takriban kati ya nyuzi 85 na 105. Mlinzi wa mpaka wa chini ni thamostati, ambayo huanza kufunguka kwenye nyuzi zilizochapwa juu yake, mara nyingi 82 au 88. Walinzi wa mpaka wa juu ni rejeta, feni, pampu ya maji na mfuniko wa rejeta.

Huo mfuniko hudharauliwa kwa sababu ni wa bei ndogo. Chapa ya 0.9 au 1.1 iliyo juu yake ni kiasi cha shinikizo unalolizuia, kwa kipimo kinachokaribia bar, na shinikizo hilo ndilo linaloyafanya maji yasichemke mapema. Pwani, maji matupu yakiwa wazi huchemka kwenye nyuzi 100, lakini chini ya mfuniko mzima wa 0.9 hayachemki mpaka karibu 119. Nairobi au Mbeya, ambako mwinuko unakaribia au kufikia mita 1,700 na zaidi, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Maana yake ni kwamba mfuniko wenye raba iliyokatika unaweza kuvumilika Tanga, lakini gari hilohilo likipelekwa nyanda za juu litatapika maji injini ikiwa kwenye joto lake la kawaida kabisa.

Linapanda joto kwenye foleni, likitembea linashuka

Dalili hii huelekeza kwenye upepo. Gari likiwa mwendoni hewa hupita yenyewe kwenye rejeta, lakini likisimama kazi yote inabaki kwa feni. Washa injini, ingiza kiyoyozi na uangalie mbele: katika magari mengi yenye feni za umeme, angalau feni moja inatakiwa kuzunguka mara moja. Kisha zima kiyoyozi na uache injini ipate moto. Feni inatakiwa kujiwasha pale maji yanapofika nyuzi 93 hadi 100 hivi, kulingana na gari, na kujizima yakipoa kidogo. Isipowaka, anza na fyuzi, fuata rilei, halafu ipelekee feni umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ikizunguka kwa umeme wa betri, mota ni nzima na tatizo liko kwenye rilei, waya au sensa. Feni inayozunguka kivivu nayo ni mbovu hata kama inazunguka. Brashi za mota zikiisha hupoteza kasi kabla ya kufa kabisa.

Magari mengi ya dizeli na pikapu nyingi yana feni ya mkanda yenye klachi ya silikoni. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, jaribu kuizungusha kwa mkono: inatakiwa kuwa nzito. Ikizunguka kwa wepesi mara kadhaa kama pia ya mtoto, au ukiona mafuta yenye vumbi kwenye kitovu chake, klachi imekwisha. Usisahau kava la plastiki linaloizunguka feni, ambalo mafundi wengi hulitoa ili wapate nafasi ya kufanya kazi kisha hawalirudishi. Bila kava hilo feni huvuta hewa ya pembeni na sehemu kubwa ya rejeta inabaki bila upepo. Vilevile tazama nafasi iliyo kati ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, kwa sababu vumbi, wadudu na majani hujikusanya hapo na kufanya kama blanketi ambalo huwezi kuliona ukiwa umesimama mbele ya gari.

Limetulia mjini, linachemsha mlimani

Hapa upepo upo, ila joto linalozalishwa linazidi linaloondolewa, na mara nyingi sababu ni mzunguko wa maji. Ninayemshuku wa kwanza ni rejeta iliyoziba kwa ndani. Acha injini ipate moto hadi mpira wa juu na wa chini wa rejeta yote iwe imepata joto, zima, kisha pitisha kipimajoto cha miale, kile kinachosoma joto bila kugusa, juu ya uso wa rejeta taratibu. Joto linatakiwa kushuka kwa mpangilio kutoka upande maji yanapoingilia hadi yanapotokea. Ukikutana na eneo lililopoa ghafla katikati ya eneo la moto, mirija ya hapo imeziba. Chanzo kikubwa cha kuziba huku ni maji tunayoyamwaga humo. Maji ya kisima, ambayo katika maeneo mengi ya pwani yana chumvi, huacha magadi kwenye mirija na kulisha kutu, na hakuna dawa ya kusafishia itakayorudisha mirija ambayo imejaa kabisa.

Wa pili ni pampu ya maji. Mapanga yake yakiliwa na kutu, au yakiwa ya plastiki na yamelegea kwenye shafti, pampu itasukuma maji ya kutosha injini ikiwa tulivu, lakini mzigo ukiongezeka haitamudu. Wa tatu ni mpira wa chini, ule unaonyonya maji kwenda kwenye pampu. Ukichakaa na kukosa waya wake wa ndani, hujibana wenyewe pale injini inapokimbia, na ukisimama kuutazama unakuwa umeshajirudi. Mwombe mwenzako akanyage mafuta gari likiwa limesimama, wewe ukiuangalia mpira huo, mikono na nguo zikiwa mbali na mkanda na feni.

Wa nne ni lile kasha tupu la Noah. Wengi hueleza kwamba bila thamostati maji hupita kwenye rejeta haraka mno na kukosa muda wa kupoa, lakini maelezo hayo si sahihi, kwa sababu mtiririko mkubwa wenyewe haupunguzi upoaji. Jambo la kweli ni kwamba katika injini nyingi za Toyota thamostati ina visahani viwili. Cha kwanza hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Cha pili, kilichoko upande wa ndani, hufunga njia ya mkato ambayo maji huitumia kurudi kwenye pampu injini ikiwa bado baridi. Ukitoa thamostati, njia ya mkato inabaki wazi maisha yote, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Mjini hakuna atakayegundua. Katika kona za Kitonga, gia ya pili na gari limejaa, kila lita inayokwepa rejeta ina hesabu yake. Ndiyo maana vitabu vya matengenezo vya Toyota huonya waziwazi kwamba thamostati isitolewe hata kama injini ina tabia ya kuchemsha.

Kabla halijachemsha, gari litakuwa limeshaanza kukunyima nguvu. Joto likizidi, mchanganyiko wa hewa na petroli huanza kulipuka kabla ya wakati na kugonga pistoni. Sensa ya kugonga huisikia sauti hiyo na kompyuta huchelewesha cheche ili kuilinda injini, nawe unahisi gari limekuwa zito ingawa mguu uko chini. Katika magari mengi kompyuta hukata pia kompresa ya kiyoyozi. Oili nayo huwa nyepesi, na utando unaotenganisha beringi na kranki hupungua unene. Dereva anayesema "likipata moto linakosa nguvu" anatoa taarifa muhimu ambayo haifai kujibiwa kwa kubadilisha plagi tu.

Injini haipati moto

Dalili hii haiogopwi, na kwa sababu hiyo huachwa miaka. Mshale haufiki katikati, au unafika kwenye foleni kisha unashuka barabara ikifunguka. Katika magari kama Passo na Vitz nyingi, ambazo hazina mshale, taa ya buluu huchelewa sana kuzimika au huwaka tena gari likiwa mwendoni. Mashine ya dayagnosisi mara nyingi huonyesha msimbo P0128, wenye maana kwamba maji hayakufikia joto lililotarajiwa katika muda uliotarajiwa.

Madhara yake ni ya polepole lakini ni ya kweli. Kompyuta ikiona maji ni baridi huongeza petroli, kama inavyofanya kila asubuhi, na haitaacha kuongeza mpaka joto lifike. Petroli ya ziada isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, ambako huifanya oili iwe nyembamba. Mvuke wa maji, ambao ni zao la kawaida la uunguaji, haupati joto la kuufukuza, kwa hiyo hujichanganya na oili na kuacha utelezi wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili. Gari la gia otomatiki mara nyingi hukataa kuingia gia ya juu kabisa, au kufunga klachi ya ndani ya konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi), mpaka injini ipate moto. Hivyo mwendo uleule unaendeshwa kwa mizunguko mingi zaidi. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wa Noah kule Iringa: safari za dakika kumi na tano ambazo hazikuwahi kuisha kipindi cha baridi.

Kuipima thamostati hakuhitaji mashine. Itoe, ifunge kwa waya mwembamba, iteremshe ndani ya sufuria ya maji iliyo jikoni bila kugusa kitako, na weka kipimajoto pembeni. Maji yakipanda polepole, subiri. Kwa thamostati ya 82, utaona kisahani kinaanza kuachana na kiti chake, kwanza kama ukucha, halafu kinaendelea kujisukuma hadi waya wa springi ubanane. Ukiitoa inatakiwa kujifunga yenyewe ikipoa. Isiyofunga kabisa ni mbovu, isiyofunguka ni mbovu, na inayofunguka kwa kuchelewa ni mbovu pia. Kwa walio nyanda za juu pana tahadhari moja: maji ya sufuria yako yatachemka kwenye nyuzi 94 au 95, na thamostati nyingi hufunguka kikamilifu karibu na hapo, kwa hiyo usiihukumu kwa kutofika mwisho kabisa ikiwa imeanza kwa wakati wake. Unapoirudisha, kijipini kidogo cha kupitishia hewa kielekee juu, au pale kitabu cha injini hiyo kinapoelekeza, ili hewa isinaswe nyuma yake.

Mshale unasema moto, au kompyuta inasema baridi

Kabla ya kufungua chochote hakikisha kipimo chenyewe ni cha kweli. Mshale wa magari mengi umetengenezwa ukae katikati kwa eneo pana la joto, kwa hiyo unapoanza kupanda, hali imeshakwenda mbali. Linganisha namba ya mashine ya dayagnosisi na kipimajoto cha miale ukikielekeza kwenye kasha la thamostati. Zikitofautiana sana, pima sensa: kwa sensa nyingi za Toyota ukinzani huwa kati ya kiloomu 2 na 3 kwenye nyuzi 20, na kati ya 0.2 na 0.4 kwenye nyuzi 80. Sensa inayodanganya kwamba injini ni baridi huleta moshi mweusi, plagi zenye masizi na shida ya kuwaka injini ikiwa ya moto, dalili ambazo wengi huzihusisha na pampu ya petroli.

Sensa nyingi zinahitaji kuzungukwa na maji ndipo zisome sawasawa. Maji yakipungua sana, sensa hubaki kwenye mvuke na mshale unaweza kushuka wakati hedi inaungua. Mshale unaopanda na kushuka ghafla, au hita inayopuliza baridi ilhali mshale uko juu, ni ishara ya hewa au ya upungufu wa maji. Simamisha gari.

Maji yanapungua na hayaonekani yanapokwenda

Pandisha shinikizo la mfumo kwa pampu ya kupimia injini ikiwa baridi, usizidishe kiwango cha mfuniko, kisha uangalie kipimo kwa dakika kumi. Kikishuka, fuata unyevu: viungo vya mipira, ufa kwenye plastiki ya juu ya rejeta, na kitundu kidogo kilicho chini ya shafti ya pampu ya maji, ambacho huacha michirizi mikavu yenye rangi ya kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji) sili inapochoka. Zulia la abiria wa mbele likiwa na unyevu wenye harufu ya utamu, rejeta ndogo ya hita inavuja. Mwagiko wa kulanti usiachwe chini: ethilini glaikoli ni sumu, na utamu wake huwavuta watoto na mbwa.

Ikiwa nje ni kukavu, maji yanaingia ndani. Gasketi ya hedi iliyoungua hutoa mapovu yasiyokoma kwenye mdomo wa rejeta, mpira wa juu huwa mgumu dakika chache tu baada ya kuwasha injini ya baridi, na moshi mweupe huendelea hata baada ya injini kupata moto. Dawa ya majaribio ya rangi ya buluu huthibitisha: gesi ya injini ya petroli ikipenya kwenye maji, rangi hugeuka njano. Hapo msikubaliane kubadilisha gasketi peke yake. Hedi iwekewe rula iliyonyooka na ipimwe kwa fila, vile vibamba vyembamba vya kupimia mwanya. Injini nyingi haziruhusu mpindo unaozidi milimita 0.05 hadi 0.10, na gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni pesa iliyopotea. Kwa gari la otomatiki tazama pia oili ya giaboksi, kwa sababu magari mengi huipoza ndani ya rejeta hiyohiyo. Ikigeuka rangi ya maziwa ya waridi, gari lisiwashwe tena mpaka rejeta itolewe na giaboksi isafishwe.

Likichemsha njiani

Zima kiyoyozi, fungua hita hadi mwisho hata kama ni mchana wa jua kali, tafuta pembeni palipo salama na uzime injini. Usiguse mfuniko. Maji yaliyo kwenye nyuzi 115 chini ya shinikizo hugeuka mvuke mara tu shinikizo linapotoka, na nimeona mkono na shingo vilivyoungua kwa sekunde moja ya haraka. Subiri nusu saa au zaidi, hadi mpira wa juu ulegee na ushikike kwa mkono, kisha funika mfuniko kwa kitambaa kinene na uufungue kwa kituo cha kwanza tu ili upumue. Kumwagia hedi maji baridi ikiwa bado ya moto kunaweza kuipinda au kuipasua, nalo ni kosa linalofanywa na watu wema wanaokimbia na ndoo ili wakusaidie. Ongeza maji kidogokidogo, injini ikiwa imepoa.

Noah ile ilipata thamostati mpya, mfuniko mpya, na kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi. Tulijaza polepole, pua ya gari ikiwa imeinuliwa juu ya kijilima, hita ikiwa wazi, tukaiacha injini iungurume bila mfuniko mpaka mapovu yakaisha, tukafunga na kusubiri feni iwake na kuzima mara mbili. Asubuhi iliyofuata, kabla haijawashwa, tulifungua mfuniko tena na kukuta maji yameshuka kwa kikombe kimoja, ambacho ni hewa iliyokuwa imejificha kwenye mfumo. Tukakijaza, na asubuhi ya pili maji yalikuwa palepale. Mwezi uliofuata mwenyewe alipanda Kitonga na abiria wake mshale ukiwa katikati.